Anza na Besi: Namna ya Kumsikiliza Steve Hanley wa The Fall

Kabla hujabonyeza wimbo wowote wa The Fall, tafuta hedifoni. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi la kawaida, ukipigwa bila kubanwa, hutoa sauti ya takriban hezi 41, na spika ya simu haina ubavu wa kushuka huko. Inachokupa ni zile sauti za juu zinazoandamana na noti, kisha ubongo wako unakisia zilizobaki. Kwa bendi nyingi hasara hiyo inavumilika, maana besi imekaa nyuma ikishikilia tu. Kwa Steve Hanley utakuwa umepoteza wimbo wenyewe, umebaki na mtu anayefoka juu ya gitaa linalokwaruza. Hedifoni za kawaida zinazokaa vizuri sikioni zinatosha, au redio ya sebuleni yenye spika kubwa. Ile sehemu ya kuongeza besi kwenye simu izime. Inavimbisha sauti za chini mpaka noti zinagandana, na kwa Hanley unachotaka kusikia ni pale hasa noti moja inapokwisha na nyingine inapoanza.

Hanley alizaliwa Dublin mwaka 1959 akakulia Manchester, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. The Fall ilikuwa imeanzishwa huko mwaka 1976 na Mark E. Smith, kijana wa Prestwich aliyefanya kazi ya ukarani bandarini, na aliiongoza mpaka alipofariki Januari 2018. Katika miaka yote hiyo wanamuziki walipita humo kwa makumi. Kuna waliofukuzwa, kuna waliosusa, kuna walioondoka wakarudi wakaondoka tena. Hanley aliingia mwaka 1979, baada ya kipindi cha kuwabebea vyombo, na akatoka mwaka 1998. Hiyo ni miaka 19, na ukimwondoa Smith mwenyewe hakuna aliyedumu kiasi hicho. Aliyekuwa akipiga besi kabla yake, Marc Riley, alihamishiwa kwenye gitaa ili Hanley apate nafasi, na karibu wakati uleule akaingia mpiga gitaa Craig Scanlon, ambaye Hanley alikuwa naye kwenye bendi ndogo iliyoitwa Staff 9.

Basi mbona jina lake halitajwi? Kizazi kile cha wanamuziki wa Uingereza na Marekani, waliokuja mara tu baada ya vurumai ya panki, kiliitoa besi nyuma na kuileta mbele, na wapigaji wake wengi wamepata sifa zao. Peter Hook wa Joy Division alipanda juu kabisa kwenye shingo ya gitaa akaifanya besi iimbe kama solo. Jah Wobble wa Public Image Ltd aliichota kutoka kwenye dub ya Jamaika. Tina Weymouth wa Talking Heads aliitia uchezaji. Hawa ukiwasikia mara moja unawakumbuka. Hanley alibaki chini, akapiga noti chache, akazirudia, na jukwaani alisimama nyuma bila mbwembwe. Mbele yake alisimama Smith, mtu wa maneno makali na vituko visivyokwisha, na waandishi wa magazeti ya muziki walikuwa na hakika ya kurudi na habari kila walipomtembelea. Ni rahisi kunukuu maneno ya mwimbaji. Kumweleza msomaji mzunguko wa noti nne ni kazi nyingine, na wengi hawakujisumbua.

Kitu cha pili cha kufanya, basi, ni kumsahau Smith kwa muda. Namaanisha kwa makusudi kabisa: usisome mashairi yake, usitafute maana, usijiulize anamsema nani. Smith hakuwa mwimbaji wa kufuata ghani. Aliongea, alilalama, alikaripia, alivuta mwisho wa neno ukawa kama silabi nyingine. Scanlon naye hakupenda gitaa la kumbembeleza mtu. Mkono wake ulikuwa wa kukwaruza na kukatakata. Jiulize sasa, katika bendi ya namna hiyo, ile tyuni unayotoka nayo nyumbani ukiipiga mluzi barabarani iko wapi? Iko kwenye besi. Hilo ndilo jambo moja ambalo mwongozo huu unataka ulishike: kwa The Fall ya miaka ile, besi ndiyo inayoimba, na sauti ya Smith ndiyo inayosindikiza.

Jaribu mara moja kwa "Tempo House", kutoka albamu ya Perverted by Language ya mwaka 1983. Wimbo huo ulirekodiwa moja kwa moja jukwaani, katika ukumbi wa Haçienda, Manchester, na unakaribia dakika 9. Sikiliza mara ya kwanza ukifuata besi tu. Utasikia kipande kifupi, kizito, chenye mwendo wa mtu asiye na haraka, kikizunguka na kurudi pale kilipoanzia. Kisha kinazunguka tena. Gitaa linapita mara mojamoja kama linaulizia njia. Smith anakuja na kuondoka. Besi haiondoki. Ikifika dakika ya tatu utaanza kuchoka, na hiyo ni kawaida, usizime. Kuanzia hapo sikiliza mambo mawili: urefu wa kila noti, na ule upenyo anaouacha kabla ya kurudia. Kipande ni kilekile, lakini Hanley anakipiga kwa mkono, hakijawekwa na mashine, na ndani yake kuna kusukuma na kulegeza kudogo sana, kiasi cha nywele. Ukikisikia kile kidogo, dakika 6 zilizobaki zinapita bila wewe kujua.

Kama umelelewa na muziki wa dansi, uwe wa Dar es Salaam au wa Kinshasa, sikio lako lina akiba ambayo Mwingereza wa kawaida hana. Besi ya rumba imekufundisha kwamba nafasi isiyopigwa nayo ni sehemu ya mdundo, na kwamba mtu anaweza kucheza kwa kufuata besi peke yake. Ichukue akiba hiyo uitumie hapa, ila ukijua tofauti moja. Kwenye rumba wimbo hufika mahali ukachangamka, magitaa yakafunguka, na besi nayo ikaruka; hapo ndipo penye sebene. Kwa Hanley sebene haliji. Ukilisubiri utalisubiri mpaka wimbo uishe. Mvutano unaoujenga mwilini kwa kusubiri ndio starehe yenyewe, na anayeujenga ni yule mtu wa nyuma anayekataa kubadilisha.

Sasa nenda kwenye albamu inayotajwa zaidi, Hex Enduction Hour, ya mwaka 1982. Ina saa nzima ya muziki, kama jina lake linavyodai, na sehemu yake ilirekodiwa Aislandi, walikokwenda mwaka 1981. Nyimbo mbili za huko ni "Hip Priest" na "Iceland". Hii ya pili waliitunga palepale studioni. Anza na "Hip Priest". Wimbo huu unatisha kwa sababu ya kinachozuiwa. Kwa muda mrefu kila mtu anapiga kwa kunong'ona. Besi inatoa noti zake chache za chini na kukaa kimya, inatoa tena na kukaa kimya, halafu ghafla bendi nzima inalipuka na kurudi chini kama hakuna kilichotokea. Mkurugenzi wa filamu ya The Silence of the Lambs, ya mwaka 1991, aliuweka mwishoni mwa filamu, pale katika nyumba ya muuaji, na ukiusikiliza usiku taa zikiwa zimezimwa utaelewa mara moja kwa nini. Angalia zaidi zile sekunde kabla ya mlipuko. Hanley hakupi ishara. Wapigaji wengi hapo wangepanda ngazi ya noti kukuambia kwamba jambo linakuja. Yeye anabaki palepale, na mlipuko unakukuta hujajiandaa.

Ukishatoka hapo sikiliza "The Classical", wimbo unaofungua albamu, kwa sababu nyingine kabisa. The Fall wakati huo ilikuwa na wapiga dramu wawili, Karl Burns na Paul Hanley. Paul ni mdogo wake Steve. Aliingia kwenye bendi mwaka 1980 akiwa na miaka 16. Dramu mbili ni hatari. Zikipishana kidogo tu wimbo unakuwa zogo, na zikilingana sana zinakuwa kelele ya mashine. Sikiliza jinsi besi inavyokaa katikati yao ikiwapa wote wawili kitu kimoja cha kushika. Halafu ruka mpaka mwisho wa albamu, kwenye "And This Day", unaozidi dakika 10, ambapo kinanda, magitaa na dramu zote mbili zinabishana na kitu pekee kinachokuzuia usizame ni ule mkono wa kushoto wa Hanley. Sidai ni wimbo wa kupendeza. Kuna siku siuwezi kabisa. Lakini kama unataka kujua besi inabeba nini, mzigo wote uko pale.

"Winter" nao una ujanja wake. Kwenye santuri ulikatwa katikati, nusu ya kwanza ikafunga upande wa kwanza na nusu ya pili ikafungua upande wa pili. Anayesikiliza kwa simu hapati lile tendo la kunyanyuka, kugeuza santuri na kukuta mzunguko uleule ukimsubiri. Kwa hiyo, kama unasikiliza kwa intaneti, hakikisha umeziweka nusu zote mbili mfululizo, wala usiruhusu programu ikuchanganyie mpangilio wa nyimbo. Hili linahusu albamu nzima na si wimbo huu tu.

Baada ya saa nzima ya Hex utahitaji kitu kifupi. Slates ya mwaka 1981 ina nyimbo 6 tu, katika santuri ya inchi 10, ukubwa ambao haukuhesabiwa kama singo wala kama albamu kwenye chati za Uingereza. Kwangu mimi hii ndiyo rekodi bora kuliko zote za bendi hii, na najua kuna watakaonipinga. Besi iko mbele, kavu, haikupakwa mwangwi, na nyimbo zinakimbia. Linganisha "Prole Art Threat", ambamo vidole vyake havipumziki, na "An Older Lover", ambamo kila noti inaachwa ining'inie. Mtu ni yuleyule, santuri ni ileile. Anayesema Hanley anajua kitu kimoja hajazisikiliza hizi mbili zikifuatana.

Kwa nini sikukuanzisha na nyimbo za mwanzoni kabisa? Kwanza, unapaswa kuwa macho: albamu ya kwanza ya bendi, Live at the Witch Trials, ya Machi 1979, besi yake si ya Hanley, ni ya Marc Riley, na ya rekodi za kwanza kabisa ni ya Tony Friel. Hanley anaanzia kwenye singo ya "Rowche Rumble" na albamu ya Dragnet, zote za mwaka huohuo wa 1979. Dragnet imerekodiwa vibaya, au tuseme imerekodiwa kwa ukali wa makusudi, na besi inasikika kama iko chumba cha pili. Irudie baadaye sikio likishazoea kumtafuta. Singo za mwaka 1980, "Fiery Jack" na "Totally Wired", ni rafiki zaidi. Ya kwanza ina mwendo wa rokabili, ule wa muziki wa Marekani wa miaka ya 1950, na inaonyesha kwamba akitaka kukimbia anakimbia.

Kutoka mwaka 1983 mambo yanabadilika, kwa sababu aliingia Brix Smith, mpiga gitaa Mmarekani aliyeolewa na Mark. Brix alileta gitaa lenye tyuni. Hapo ndipo utapima akili ya Hanley. Alikuwa amezoea kuibeba ghani peke yake, na sasa kuna mwingine mwenye nayo. Mpigaji mwenye kiburi angeshindana, na mwoga angerudi nyuma akawa mshikiliaji tu. Chukua albamu ya This Nation's Saving Grace ya mwaka 1985, iliyosimamiwa na mtayarishaji John Leckie, uweke "Bombast". Wimbo huo umeandikwa kwa majina ya Smith na Hanley, na besi yake imechafuliwa kwa makusudi mpaka inanguruma, inachukua nafasi ambayo bendi nyingine ingeipa magitaa mawili. Kisha weka "What You Need". Humo anarudia kipande kimoja kwa ukaidi mtupu, na gitaa linapata uhuru wa kufanya lolote kwa sababu sakafu haitikisiki. Hakushindana na hakurudi nyuma. Alizidi kuwa mzito.

Kuna kisa kidogo cha mwaka huo kinachofaa kujulikana. Mtoto wake alipozaliwa, Hanley alichukua likizo ya uzazi, na ziara ya Marekani ikapigiwa besi na Simon Rogers, mwanamuziki aliyesomea Royal College of Music jijini London na aliyekuwa kwenye kundi la Incantation, lililopiga muziki wa filimbi wa milima ya Andes. Hanley aliporudi, Rogers hakuondoka. Alihamia kwenye gitaa na kinanda, na Hanley akapewa tena besi yake. Katika bendi iliyobadilisha watu kama mashati, hiyo inakuambia alithaminiwa vipi na mkubwa ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili. Weka "Hip Priest" ya mwaka 1982, halafu mara tu ikiisha weka "New Big Prinz", inayofungua albamu ya I Am Kurious Oranj ya mwaka 1988. Wimbo wa pili umechipuka kutoka kwenye wa kwanza. Ulitumika katika onyesho la baleti la Michael Clark lililochezwa Sadler's Wells, London, mwaka huohuo, bendi ikipiga moja kwa moja jukwaani na wachezaji wakicheza. Kile kilichokuwa giza na kusubiri kimegeuka gwaride. Fuata besi katika nyimbo zote mbili na utazame amefanya nini: noti hazijaongezeka kwa kiasi cha maana, ila upenyo umezibwa na uzito umehamia kwenye kukanyaga. Mtu angeweza kuandika kitabu cha masomo ya besi kwa nyimbo hizi mbili peke yake.

Miaka ya 1990 pitia kwa kuchagua. "Bill Is Dead" ya kwenye Extricate (1990) na "Edinburgh Man" ya kwenye Shift-Work (1991) ni nyimbo za upole zinazowashangaza wanaodhani bendi hii ilijua kugomba tu, na besi humo ni laini, ya kusikiliza jioni. The Infotainment Scan ya mwaka 1993 ilifika nafasi ya 9 kwenye chati ya albamu ya Uingereza, lakini mashine za mdundo zimejaa humo na Hanley anabaki kuzilinda tu. Levitate ya mwaka 1997, ya mwisho kwake, iache mpaka uwe mlevi wa jambo hili. Aprili 1998, baada ya ugomvi jukwaani katika ukumbi wa Brownies, New York, yeye, Karl Burns na mpiga gitaa Tommy Crooks waliondoka. Kwa hiyo albamu yoyote ya The Fall ya baada ya hapo, hata iwe nzuri namna gani, besi si yake.

Tahadhari kuhusu rekodi za jukwaani. Zipo nyingi mno, nyingine zimeuzwa na lebo ndogondogo bila kujali ubora, na anayeanza nazo atadhani besi ni ngurumo ya lori. Ukitaka moja ya zama zile chukua Totale's Turns ya mwaka 1980, yenye sehemu zilizorekodiwa katika klabu za wafanyakazi za kaskazini mwa Uingereza, mbele ya watu ambao hawakuwa wamekuja kuwapenda. Na ukisikia sauti ya gitaa au besi inabadilika ghafla katikati ya wimbo, usiguse hedifoni zako. Smith alikuwa na tabia ya kuwazungukia wenzake jukwaani akizungusha vifundo vya amplifaya zao wakati wanapiga. Sikiliza mkono wa Hanley hufanya nini hali hiyo ikitokea. Haufanyi chochote. Sauti inaweza kupotea nusu, mwendo unabaki ulivyo.

Njia iliyo safi zaidi ya kusikia bendi ikipiga pamoja bila hila za studio ni vipindi walivyomrekodia mtangazaji John Peel wa BBC. The Fall ilimfanyia vipindi 24 kati ya mwaka 1978 na 2004, na vyote vilikusanywa kwenye diski 6 mwaka 2005. Kazi hizo kwa kawaida zilifanywa kwa siku moja: bendi inaingia asubuhi studio za Maida Vale, inapiga nyimbo nne, inaondoka. Hakuna muda wa kurembesha. Matokeo yake besi mara nyingi iko wazi kuliko kwenye albamu, na ukipata wimbo unaoujua kwa sura zote mbili, ya Peel na ya albamu, sikiliza ya Peel kwanza. Anayetaka kuonja tu kabla ya kujitosa anaweza kutafuta mkusanyiko wa 50,000 Fall Fans Can't Be Wrong, wa mwaka 2004, ambao diski ya kwanza karibu yote ni ya zama za Hanley.

Na kama unapiga gitaa la besi, au una rafiki mwenye nalo, mjue pia kwa vidole. Usianze kwa kutafuta gitaa lake lilikuwa la kampuni gani. Chagua noti tatu au nne za nyuzi mbili nene, zipange kwenye kipande kisichozidi baa mbili, weka simu irekodi, upige kipande hicho kwa dakika 8. Hakuna kuongeza pambo. Hakuna kuteleza kwenda noti ya jirani. Dakika ya pili vidole vitaanza kukushawishi utie kitu kidogo hapa, kitu kidogo pale, na hapo ndipo kazi ilipo. Zingatia kuikata noti: mkono wa kushoto ukilegea mapema au ukichelewa, mdundo wote unabadilika sura. Ukimaliza sikiliza dakika ya kwanza, ruka, sikiliza ya mwisho. Wengi wanakuta wameongeza mwendo, na uzito wa mkono umepungua. Kama uzito umepungua, pumzika ujaribu kesho. Kama umeongeza mwendo, mwite mpiga dramu mrudie pamoja, maana Hanley hakuwahi kufanya kazi hii peke yake. Upigaji wake ni wa watu wawili, na katika miaka ile mizuri ni wa watatu.

Kwa anayetaka kusoma, kuna The Big Midweek, kitabu cha mwaka 2014 alichoandika Hanley mwenyewe pamoja na Olivia Piekarski. Ni kitabu cha mfanyakazi. Kimejaa magari mabovu, hoteli mbaya, mishahara isiyoeleweka na bosi asiyetabirika, na ucheshi wake ni wa mtu aliyekaa kimya miaka 19 akitazama. Anayetafuta maelezo ya noti atakosa, lakini atajua ukaidi ule wa besi ulitoka wapi. Paul Hanley naye ameandika, mwaka 2019, kitabu kizima kuhusu Hex Enduction Hour, na humo kazi ya studio imeelezwa kwa undani.

Hanley mwenyewe hakuishia hapo. Alipiga na Brix & The Extricated, bendi iliyomrudisha pamoja na Brix na Paul, na walitoa albamu kuanzia mwaka 2017. Kisha mwaka 2023 ikatoka albamu ya kwanza ya House of All, bendi ya watu waliopita The Fall kwa nyakati tofauti: kwenye albamu hiyo Martin Bramah aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi anaimba na kupiga gitaa, Pete Greenway yuko kwenye gitaa la pili, na nyuma wako wapiga dramu wawili tena, Paul Hanley na Simon Wolstencroft. Bramah anaimba kwa kufuata ghani kuliko Smith, kwa hiyo masikio mageni yataingia kirahisi. Ukiwa na rafiki ambaye "And This Day" imemfukuza, mpe hiyo kwanza, kwa sauti ya juu, halafu mrudishe kwenye "Tempo House".